Somo: Saladi baridi ya pweza, ngisi na kome kwa mtindo wa Kiitaliano

Wenyewe huiita insalata di mare. Napoli na miji mingi ya kusini mwa Italia hawaikosi mezani mkesha wa Krismasi, usiku ambao kwa desturi hawali nyama. Majumbani huharibika kwa jambo moja: kila kitu kutiwa sufuria moja kwa wakati mmoja.

Mahitaji, watu 6: pweza kilo 1, ngisi na kamba nusu kilo kila mmoja, kome wenye magamba kilo 1, seleri mabua 2, limau, kitunguu saumu punje 1, paseli, mafuta ya zeituni vijiko 6 vya mezani.

1. Pweza. Chukua aliyegandishwa, barafu imeshamkata nyuzi za nyama, hana haja ya kipigo cha mwambao. Toa mdomo mgumu ulio katikati ya minyiri. Maji yakichemka, mshike kichwa, chovya minyiri mara 3 mpaka ijikunje, ndipo umwachie. Moto mdogo, dakika 45 hadi saa 1, bila chumvi. Choma kwa uma pale mnyiri unapoungana na kichwa. Ukizama bila kubisha, zima. Apoe humo humo, la sivyo ngozi itachubuka yote. Wanapoli husema pweza hupikwa kwa maji yake mwenyewe, na wapo wasiotia hata tone.

2. Ngisi. Kata pete, tia maji yanayochemka, dakika 1 au 2, toa. Akipitiliza anakuwa mpira, na hapo hana dawa ila kuendelea kumpika nusu saa na ushee.

3. Kamba. Maji yale yale, dakika 2. Wakishageuka rangi, toa.

4. Kome. Sugua, ng'oa nyuzi. Aliye wazi mgonge, asipojifunga, tupa. Sufuria kavu, funika, moto mkali dakika 3 hadi 5. Wasiofunguka, tupa. Maji waliyotoa yachuje, vijiko 2 vitaingia kwenye saladi. Yana chumvi ya bahari, kwa hiyo onja kwanza ndipo utie yako.

5. Kata, changanya vyote vingali na uvuguvugu, hapo ndipo vinanyonya limau na mafuta. Friji saa 1 au 2, kisha toa dakika 15 kabla ya kula. Mafuta ya zeituni huganda.

MASWALI

Mdau wa Tanga: Mwalimu, kome huku sipati.
– Waache. Hata pweza peke yake na viazi vya kuchemsha ni saladi kamili, Waitaliano wanayo.

Mdau wa Mombasa: Si limau huivisha? Kamba niwapike ya nini?
– Limau hubadilisha rangi na kukaza nyama tu. Vijidudu haliviui kama moto. Pika.

Mdau wa Doha: Nikitengeneza leo nile kesho?
– Sawa, ila limau na paseli tia kesho. Nje ya friji isizidi saa 2, na kwa joto la huko, saa 1.

Mdau wa Dar: Mume wangu anataka mayonezi.
– Hiyo saladi nyingine, shoga. Muwekee pembeni.