Unamtafutia mtoto skuli Kwale ama Kilifi? Soma hii kwanza

Wazazi wengi hapa Mombasa tunaulizana tu "mean yao ngapi", yaani wastani wa gredi za skuli nzima, basi, yakaisha. Mean yadanganya bwana. Skuli ya watahiniwa 40 na ya 250 huwezi kuzipima kwa hesabu moja, we uliza waliopata C+ kwenda juu ni wangapi kati ya wote waliokaa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, manake hiyo C+ ndio mlango wa digrii. Na uliza ya miaka mitatu minne, mwaka mmoja waweza kuwa bahati tu.

Halafu sai kuna hii senior school ya mtaala mpya, inaanza gredi 10, kwa hivyo angalia wana pathway gani, yaani mkondo wa masomo. Kama wenu ataka STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu), ingia maabara mwenyewe. Mimi nlivuka feri asubuhi, nkapanda matatu mpaka skuli moja huko ndani (jina silitaji), nkaambiwa maabara ipo, kufungua nakuta magodoro yamepangwa mpaka dirishani na mifereji haitoi hata tone! Fungua mfereji, usione haya.

Maji ya kunywa pia, na choo, nenda kipindi cha ukame sio mvua ikinyesha.

Karo, we itisha karatasi yenye pesa zote, lunch, yunifomu, "maendeleo". Ikiwa ni ya kutwa hesabu na nauli, ama mtoto atalala kwa nani. Na ukitoka, simama na wanafunzi hapo getini uwaulize mwalimu wa fizikia yuko. Watacheka ama watakujibu.