Kujaza rangi umbo lenye mikunjo
Mnaochora ramani za Nairobi kwa JavaScript: mkitaka bwawa la Uhuru Park litoke laini, si kama limekatwa kwa panga, tumieni splaini (mkunjo laini unaounganisha nukta) ya Catmull-Rom, maana hupita kwenye nukta zenu zenyewe. Kuigeuza iwe Bézier, yaani mkunjo ambao canvas ya kivinjari huuchora kwa kuvutwa na nukta mbili za kuelekeza, ni rahisi. Kwa nukta A, B, C, D, kipande cha B hadi C kinaelekezwa na nukta mbili: B + (C − A)/6, kisha C − (D − B)/6. Nukta ya mwisho ipakane na ya kwanza, la sivyo patabaki kona. Na moveTo (amri ya kuinua kalamu na kuanza mstari mpya) iwe moja tu, mwanzoni! Ukiirudia kila kipande, mstari wa nje utaonekana sawa kabisa, ila fill (amri ya kujaza rangi) itapaka vipande vyembamba pembeni na katikati kubaki peupe.