Ijaribu Programu Gatini, Si Ofisini

Anayetengeneza programu ya kukatia tiketi za boti kati ya Lamu na Mokowe asiijaribu peke yake kivulini, bali aipeleke gatini saa sita mchana, ampe simu abiria aliyeshika mzigo kwa mkono mmoja, kisha anyamaze na kutazama. Hapo ndipo atakapoona kwamba maandishi ya kijivu juu ya rangi nyeupe hayasomeki juani, kwamba kitufe cha “Endelea” kilichowekwa juu pembeni hakifikiwi na kidole gumba, na kwamba fomu inayodai baruapepe kabla ya kuonyesha nauli humfanya mtu aghairi na kumwita nahodha kwa sauti. (Nahodha, tukubali, hujibu upesi zaidi.) Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima kama programu na tovuti ni rahisi kutumia, alieleza mwaka 2000 kwamba kujaribu na watu 5 tu hufichua sehemu kubwa ya kasoro, kwa hiyo gharama si kisingizio. Abiria akikwama, usimwelekeze. Andika alipobonyeza, rekebisha, kisha rudi gatini kwa watu wengine 5, akiwemo mzee asiyesoma bila miwani.