Kodi za Mfalme George kwa kikombe cha karanga

Nafundisha historia hapa Tabora, na somo la jinsi makoloni ya Mfalme George wa Uingereza huko Marekani yalivyoasi usilianze na tarehe. Anza na karanga. Nunua vikombe viwili sokoni, kila mwanafunzi mpe kumi. Chagua mmoja awe Bunge la London, akakae nje chini ya mwembe asikosikia wenzake. Kila atakayetoa daftari, karatasi au karata analipa karanga moja. Hiyo ndiyo Sheria ya Stempu ya 1765: magazeti, hati za mahakamani, hata karata za kuchezea zilitozwa. Waache walalamike. Mwaka jana binti mmoja wa dawati la nyuma alifoka, "Mwalimu, kwani nani kamchagua huyo?" Nikampa chaki aandike ubaoni. Walowezi wa Marekani walisema hayo hayo: bungeni hawakuwa na mtu.

Gusia tu kwamba Uingereza ilitoka vitani 1763 na madeni tele, na stempu ikafutwa 1766.

Kaa kwenye chai. Wengi (nami zamani nilikuwamo) husema walowezi waliigomea kwa sababu bei ilipanda. Wapi! Sheria ya 1773 iliishusha. Kilichobaki ni ushuru wa peni tatu kwa ratili, na kuinywa ilikuwa kukubali kutozwa. Sasa punguza kodi yako iwe nusu karanga, uone nani bado atagoma. Hapo ndipo usimulie makasha 342 ya chai ambayo walowezi waliyamwaga bandarini Boston, bandari kufungwa 1774, na risasi za Lexington zilizoanzisha vita Aprili 1775.

Karanga wale baada ya kengele, la sivyo kipindi hukimalizi.