Namna ya kupima riwaya tangulizi iliyoandikwa na mwandishi mwingine

Hapa Iringa, mtoto aliyewahi kupelekwa Kalenga kuliona fuvu la Mkwawa anajua kwamba mtawala huyo alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani. Hata hivyo, mzee mjuzi wa kusimulia akianzia Lugalo, mwaka 1891, Wahehe wa Mkwawa walipowashinda Wajerumani, watu husogeza vigoda. Riwaya tangulizi, yaani inayosimulia yaliyotokea kabla ya riwaya tunayoipenda, ina mzigo huohuo wa msomaji anayeujua mwisho.

Tuchukue Dune, bunilizi ya kisayansi ya Frank Herbert iliyotoka mwaka 1965. Herbert alifariki mwaka 1986, na kuanzia mwaka 1999 mwanawe Brian pamoja na Kevin J. Anderson wakaanza kutoa riwaya tangulizi.

Kabla hujafungua kitabu kipya, soma upya kile cha asili ukiwa na daftari, uandike kila jambo la kale lililotajwa kwa mstari mmoja kisha likaachwa, pamoja na sababu iliyotolewa. Wasomaji wengi hukagua majina na tarehe tu, ilhali kosa kubwa hujificha kwenye sababu. Mwanzoni mwa Dune, Mama Mtukufu Mohiam, akiwa amemaliza kumjaribu kijana Paul, mhusika mkuu, kwa sanduku la maumivu, anamweleza kwamba zamani watu walizikabidhi mashine kazi ya kufikiri wakitumaini kuwa huru, wakaishia kutawaliwa na watu wengine wenye mashine. Katika riwaya tangulizi ya mwaka 2002 inayosimulia vita vya binadamu dhidi ya mashine hizo, wanaotawala ni mashine zenyewe. Mimi naliona hilo kuwa pungufu kubwa, kwa sababu onyo lililomhusu binadamu na uvivu wake limegeuzwa kuwa kisa cha adui wa nje.

Usimhukumu mwandishi mpya kwa kutofanana lugha na mtangulizi wake. Kuiga si wajibu wake.

Ukimaliza, rudi kwenye ukurasa ule wa sanduku uusome polepole. Ikiwa maneno ya Mohiam yamekuwa mazito zaidi, kitabu kipya kimefanya kazi yake. Ikiwa sasa yanaonekana kama kosa la mzungumzaji, kimeharibu. Na rafiki anayeanza mfululizo huu muazime kwanza kile cha mwaka 1965, hata kama matukio yake ni ya baadaye.