Somo: Kuandika igizo la muziki la kwanza, kwa anayeanza kabisa

Habari zenu wapendwa. Somo hili ni la yule mwenye hadithi kichwani na anapenda muziki, labda anaimba kwaya au anatunga mashairi kidogo, na anataka kuandika igizo la jukwaani ambalo watu wanaongea, wanaanza kuimba, na hadithi inaendelea humohumo ndani ya wimbo. Siongelei lile igizo tulilozoea ambalo kwaya inaingia katikati kupumzisha watu afu maongezi yanaendelea pale yalipoachwa. Tofauti ni kubwa na ntairudia: wimbo ukiisha, kuna kitu lazima kiwe kimebadilika. Mtu ameamua, ameshawishika, amegombana, ameijua siri. Kama unaweza kuutoa wimbo na hadithi ikabaki vilevile basi utoe, hata kama ni mtamu kiasi gani.

Na msidhani hiki ni kitu cha Wazungu peke yao. Ngonjera tumeimba shuleni, pande mbili zinabishana kwa beti mpaka upande mmoja unakubali, hiyo tayari ni mbegu ya igizo la muziki. Kamiriithu kule Limuru, Kenya, mwaka 1977, wakulima na wafanyakazi wa kawaida walicheza igizo la Kikuyu lililojaa nyimbo, wakawa wanarekebisha maneno na nyimbo wenyewe kwenye mazoezi, na likagusa watu mpaka serikali ikalipiga marufuku baada ya wiki chache tu. Hawakuwa na shahada ya muziki wale.

HATUA YA 1. Chukua hadithi ndogo

Usianze na historia ya taifa zima. Lenga dakika 20, wahusika wanne au watano, sehemu moja. Ntatumia mfano mmoja mpaka mwisho: Tanga mjini, baraza ya nyumba ya marehemu baba. Dada mkubwa, Mwanaidi, anataka nyumba iuzwe wagawane. Mdogo mtu, Zuhura, hataki. Kuna mnunuzi, kuna shangazi, kuna majirani. Mandhari yote ni baraza, yani mkeka na mlango, gharama hakuna.

Hesabu yake iko hivi. Ukurasa mmoja wa maongezi ni kama dakika moja jukwaani, lakini wimbo wenye beti tatu unajaza nusu ukurasa na unakula dakika tatu. Nyimbo nne ni dakika 12, zinabaki nane, kwa iyo maongezi yako ni kurasa nane tu. Wanaoanza wengi wanaandika kurasa 40 afu wanatafuta pa kuchomeka nyimbo, igizo linapita dakika 50 na watu wanachoka.

HATUA YA 2. Andika hadithi bila wimbo, kisha tafuta nyimbo zimejificha wapi

Ukurasa mmoja, maneno ya kawaida, nini kinatokea kwanza na nini kinafuata. Ukimaliza soma taratibu na weka alama kila mahali ambapo mhusika kuongea tu hakumtoshi tena. Hapo ndo pa kuimba.

Kwenye mfano wetu, ya kwanza ni mapema kabisa, Zuhura yuko peke yake barazani na tunatakiwa kujua anachokitaka. Mtazamaji asipojua mhusika mkuu anataka nini ndani ya dakika tano za mwanzo, mmempoteza. Ya pili ni ugomvi wa dada wawili, na huu ndo wimbo wa ngonjera, ubeti wa huyu ubeti wa yule, na unapoisha Zuhura anatamka mbele za watu kwamba hati ya nyumba anayo yeye. Hapo hadithi imegeuka ndani ya wimbo.

Ya tatu ndo naipenda kuliko zote. Kuna harusi kwa jirani, taarab inapigwa pale pale mbele ya baraza. Mnajua kwenye taarab mtu anainuka na noti yake anakwenda kumtunza mwimbaji pale pale kwenye mstari unaomsema adui yake, na ukumbi mzima unaelewa nani kaambiwa. Sasa weka Mwanaidi anainuka kutunza kwenye mstari wa tamaa ya mali, anamwangalia mdogo wake. Hajaongea neno hata moja. Zuhura naye anainuka, anatunza mstari unaofuata. Mnagombanisha watu wawili kwa noti na macho huku mwimbaji anaimba, na hakuna mtazamaji wa pwani atakayehitaji kuelezwa. Tafuteni vitu kama hivi kwenye mila zenu, kila mahali vipo, msiba, unyago, mkesha, kampeni, popote ambapo watu wetu tayari huimba ili kuambiana jambo.

Ya nne ni mwisho, sitawaambia nyumba inauzwa au haiuzwi, amueni wenyewe, ila uamuzi utokee ndani ya wimbo.

HATUA YA 3. Maneno ya wimbo

Hapa tukae kidogo maana ndo panapoharibika. Kiswahili mkazo wake unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu maneno yote. Nyimbo nyingi za Kiingereza mstari unatua kwa kishindo kwenye silabi ya mwisho kabisa. Sasa mtu akichukua mtindo ule wa tuni akaweka Kiswahili, mwimbaji anasema "baBA", "nyuMBA", na sikio la mtazamaji linakataa hata kama hajui kwa nini.

Dawa ni mizani, yani kuhesabu silabi za mstari. Mstari wa mizani 8, ule wa utenzi, ni rafiki mkubwa wa anayeanza. Angalia Zuhura anavyosema:

Siuzi nyumba ya baba
hata kwa pesa si haba

Hesabu kwa vidole. Mistari yote miwili ina 8, na mkazo unaangukia mizani ya 4 na ya 7 kote kote: nyu na ba, pe na ha. Kwa iyo noti nzito ya muziki weka pale kwenye 7, ile ya 8 iache ishuke au ininginie kidogo bila kuisukuma. Ukitaka Zuhura asikike amechanganyikiwa, vunja mizani makusudi, mpe 5, mpe 11, mtazamaji atahisi kabla hajaelewa. Kina kisikutawale lakini. Ukiona umeweka neno la kizamani ambalo msichana wa Tanga wa leo hawezi kulisema, na umeliweka kwa sababu tu linaishia na "ba", lifute.

Ukimaliza ubeti usome kwa sauti huku unapiga makofi, afu mpe mtu mwingine asome bila kumwelekeza. Akijikwaa, kosa ni la mstari.

HATUA YA 4. Tuni

Simu yako inatosha. Imba huku unatembea, rekodi, sikiliza kesho yake, inayobaki kichwani ndo hiyo. Kuandika tumia solfa kama ya kwaya, d r m f s, waimbaji wengi wa huku wanaisoma vizuri. Nyimbo zisifanane mwendo: Zuhura peke yake polepole, ugomvi uwe wa haraka, harusini weka mwendo wa chakacha ambao mwili wenyewe unaujua. Na tuni isipande wala kushuka mbali sana, oktavu moja (toka d ya chini mpaka d ya juu) na kidogo inatosha kwa mwigizaji ambaye anaimba na kucheza kwa pamoja.

HATUA YA 5. Waite watu sebuleni

Wakae chini wasome na kuimba na karatasi mkononi, bila mavazi. Angalia wasikilizaji wanashika simu wakati gani, pale ndo pa kukata.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Kaka, mi naandika mashairi tu, muziki sijui kabisa. Niache?
Jibu: Usiache dada yangu. West Side Story, igizo la muziki la Marekani la 1957, hadithi iliandikwa na mtu mmoja, mashairi na mwingine, muziki na mwingine. Tafuta mwalimu wa kwaya au mpiga kinanda, ila kubalianeni kwa maandishi mapema nani mwenye nini, kabla hela haijaingia.

Swali: Naweza kuchukua tuni ya bongo fleva inayojulikana nikabadili maneno?
Jibu: Ina mwenyewe, lazima akuruhusu. Ulizeni ofisi ya hakimiliki, kwa Tanzania ni COSOTA, Kenya ni KECOBO. Afu hata kisanaa inakuumiza, maana mtazamaji anaanza kuimba maneno yale ya zamani na ya kwako hayasikii.

Swali: Mkuu hadithi yangu ni kubwa, dakika 20 haitoshi, nifanyeje?
Jibu: Andika wimbo wake mmoja kwanza na uuimbe mbele ya watu. Lin-Manuel Miranda, mtunzi wa Marekani, aliimba wimbo mmoja tu ikulu ya kwao mwaka 2009, igizo lake zima la muziki, Hamilton, likafika jukwaani 2015. Wimbo mmoja ukishika, utajua kama hadithi inastahili hiyo miaka.

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina wanafunzi 40 na kila mmoja anataka kuonekana.
Jibu: Mwalimu hongera kwa kazi. Wafanye majirani, lakini majirani wenye msimamo: nusu wako na Mwanaidi, nusu wako na Zuhura, na katikati ya wimbo wa ugomvi wachache wanahama upande mbele ya macho ya watu. Hapo wote 40 wana kazi na kuhama kwao kunasogeza hadithi.

Swali: Ukumbi wetu hauna maiki za kichwani, nyimbo zitasikika?
Jibu: Zitasikika kama hutatumia biti iliyorekodiwa ya kupigwa kwenye spika. Weka ngoma mbili na kinanda pembeni, sio nyuma ya waimbaji, wapige taratibu mtu mmoja anapoimba na wafungue kwenye kiitikio. Maneno muhimu ya hadithi yaweke kwenye beti, na kwenye kiitikio ambapo wote wanapaza sauti weka mstari ambao tumeshausikia.