Jinsi ya kuomba kibali cha kuweka mizinga kwenye msitu wa hifadhi wa kijiji, Tanzania

Ukitaka kufuga nyuki kibiashara huku msitu ukibaki umesimama, usianze na kununua mizinga. Anza na muhtasari wa kikao cha kijiji. Mizinga fundi atakuchongea wakati wowote. Muhtasari unasubiri watu wakutane, na bila huo kila ofisi ya mbele itakurudisha kijijini.

Kabla ya yote, jua msitu ni wa nani. Ule wa serikali kuu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na kibali chake kinaombwa huko. Msitu wa hifadhi wa ardhi ya kijiji unasimamiwa na kijiji chenyewe kupitia Kamati ya Maliasili, na huo ndio ninaouzungumzia hapa. Mwombe Mtendaji wa Kijiji mpango wa usimamizi wa msitu na sheria ndogo zake, uvisome mwenyewe. Msitu huwa umegawanywa: kuna sehemu ya matumizi na kuna sehemu isiyoguswa kabisa, aghalabu kwenye chanzo cha maji. Manzuki yako, yaani eneo la kuweka mizinga, iombe kwenye sehemu ya matumizi, mbali na makazi, shule na njia za mifugo.

Barua ya maombi iwe fupi lakini iseme yale ambayo kamati inayahofia. Andika idadi ya mizinga na aina yake. Sema wazi kwamba hutatumia mizinga ya magome, kwa sababu mti wa miombo ukibanduliwa gome kuuzunguka shina, unakufa. Ahidi kusafisha njia za kuzuia moto kabla ya kiangazi kukolea, na kwamba hutaacha kaa la bomba la moshi la kutulizia nyuki likiwaka ukimaliza kurina. Moto wa mrina asali mmoja unaweza kuteketeza msitu ambao kijiji kizima kimeulinda kwa miaka, na wazee wa kamati wanalijua hilo vizuri. Ukiweza, jitolee pia kushiriki doria. Mfugaji anayekagua mizinga yake mara kwa mara ndiye anayeona kwanza tanuru la mkaa au mti uliokatwa.

Sasa muhtasari wenyewe. Ombi langu lilijadiliwa na kukubaliwa bila upinzani, nikafurahi. Wilayani likarudishwa: lilikuwa limeandikwa chini ya "Mengineyo", sentensi moja tu, "Kijiji kimeridhia mfugaji nyuki". Hakuna eneo, hakuna idadi ya mizinga, hakuna orodha ya mahudhurio. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, kwa hiyo kusubiri mwingine kulimaanisha miti kuchanua na makundi ya nyuki kupita, mizinga ikiwa ghalani. Iliniuma sana.

Kwa hiyo kabla ya kikao, nenda kwa Mtendaji uhakikishe ombi lako ni ajenda yenye namba yake. Baada ya kikao, usiondoke na karatasi kabla hujaona haya: mipaka ya eneo pamoja na vipimo vya GPS, idadi ya mizinga, muda wa kibali, mchango wako kwa kijiji, neno "azimio" na azimio lenyewe, majina na sahihi za waliohudhuria, sahihi za Mwenyekiti na Mtendaji, na muhuri. Toa nakala, nyingine ibaki kijijini. Na malipo yoyote utakayofanya, dai stakabadhi papo hapo.

Ukiwa na muhtasari wa namna hiyo, kupita kata hadi kwa Afisa Nyuki wa wilaya ni kazi nyepesi. Yeye ataenda kuliona eneo na kukuelekeza usajili na alama ya mizinga yako chini ya Sheria ya Ufugaji Nyuki ya 2002. Alama ichome kwa chuma cha moto kwenye ubao, maana rangi hufutika kwa jua na mvua.

Kama kijiji kinasumbuliwa na tembo, zungumza pia na wenye mashamba ya pembeni mwa msitu. Tembo huwaogopa nyuki. Mizinga ikining'inizwa kila mita 10 na kuunganishwa kwa waya, tembo akigusa waya inatikisika yote na nyuki wanatoka. Huko huhitaji kibali cha msitu, ila makubaliano ya maandishi na mwenye shamba.

Jina la biashara BRELA (wakala wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi (TIN) na leseni ya halmashauri ni taratibu za kawaida. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) iwe tayari tu.

Kwa asali ya kufungasha, pitia SIDO (shirika la viwanda vidogo) kwanza upate barua ya utambulisho, ndipo uende TBS (shirika la viwango). Mjasiriamali mdogo mwenye barua hiyo hupata alama ya ubora bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo, na wengi hulipa kwa kutojua. Rina masega yaliyofunikwa kwa nta tu: asali ambayo haijaiva ina maji mengi, na kiwango cha kimataifa kwa asali ya kawaida hakizidi asilimia 20. Usiichemshe ili kupunguza maji. Joto huongeza kemikali iitwayo HMF, na maabara wanaipima.